Madereva Tisa na Tiki Moja

Askari wa geti la wizara walimjua Naibu Balozi kwa begi lake. Kwa miaka minne walikuwa wakilifungua, wakilipekua mpaka kifuko cha miwani, kisha wakimrudishia bila kumtazama usoni. Yeye huwashukuru kwa lugha yao, tena kwa ufasaha ambao baadhi yao hawakuwa nao, na wao hujibu kwa kuinua kidevu tu: pita.

Asubuhi ile alifika na Bi Salamu, na begi halikuguswa na mtu. Askari wote watatu walisimama wima. Mmoja alivaa kofia haraka haraka, mwingine akakimbia kumwita mwenzao wa chumba cha mizigo.

"Bi Salamu! Leo hujatusalimia!"

Bi Salamu akawasalimia. Alikosea, kama kawaida yake. Salamu ya wenyeji ilikuwa na herufi moja ya kooni ambayo yeye hajawahi kuiweza, na akiikosa neno hugeuka likawa jina la ndege fulani mwenye mdomo mrefu. Askari wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Mzee, samahani," mmoja alimwambia Naibu, akimkabidhi simu. "Tupige picha na Bi Salamu."

Naibu akapiga. Ya kwanza ikakata vichwa, akaambiwa arudie. Ya pili ikatoka na kidole chake. Ya tatu ilipokubalika walimshukuru Bi Salamu, si yeye, na yeye akashika begi lake akapita, shingo imemkakamaa kama mtu aliyelalia mto mbaya.

Bi Salamu alikuwa afisa mdogo kuliko wote pale ubalozini, msichana wa miaka ishirini na saba, aliyeletwa miezi tisa nyuma. Hilo jina la Bi Salamu alipewa na watu wa mtandaoni. Kabla hajaja, ukurasa wa ubalozi ulikuwa mikononi mwa Naibu, aliyeuendesha kwa adabu zote za kazi: taarifa kamili, aya zilizonyooka, nembo ya taifa juu, tarehe chini. Wafuasi walikuwa mia tatu na kumi na wawili, wakiwemo shemeji zake wanne.

Kisha makao makuu yakaandika kwamba kila ubalozi uzungumze na wananchi wa nchi uliko, si na serikali peke yake, na kwamba mahali pa kuzungumzia ni kwenye simu zao. Balozi, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya mwalimu mkuu, akamkabidhi msichana ukurasa. Video ya kwanza ya msichana ilikuwa kwa fundi viatu wa barabara ya nyuma. Alitaka kumwambia fundi amshonee kiatu, ulimi ukateleza, akamwomba amshonee shangazi. Fundi aliangusha sindano kwa kicheko, kisha kwa upole akamfundisha neno sahihi mara sita. Kufikia Ijumaa watu laki mbili walikuwa wameiona. Sasa wafuasi walikuwa zaidi ya nusu milioni, na kila asubuhi walisubiri salamu yake kama wanavyosubiri chai.

Naibu aliwahi kumwita ofisini amrekebishe.

"Ile herufi inatoka huku," alimwambia, akijigusa chini ya koromeo. Akaitamka safi kabisa.

"Mzee, wewe ni hatari!" msichana alisema, macho yamemtoka kwa mshangao wa kweli. "Umejifunza wapi?"

"Hapa hapa. Nilipokuwa na umri wako nilipangiwa hapa. Miaka mitatu, kila jioni, na mwalimu."

"Nami nitajifunza, mzee. Ila watu wanapenda nikikosea."

Hakusema kwa dharau. Lakini lile neno lilimkaa Naibu kifuani kama mfupa wa samaki. Alikuwa ameihangaikia lugha ile miaka yote, akaipata, na hakuna mwenyeji hata mmoja aliyewahi kusimama kumwambia ahsante. Mwenzake anaivunjavunja na anapendwa kwa vipande vyake.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Binti yake wa kidato cha tatu alikuwa akila huku simu imeegemezwa kwenye jagi la maji, na sauti aliyoisikia Naibu kutwa nzima kazini ilimfuata mpaka mezani.

"Baba, eti unakaa naye jengo moja?"

"Jengo moja, ghorofa moja. Mimi ndiye mkubwa wake."

"Kwa hiyo na wewe unaweza kutokea kwenye video?"

Mkewe aliinua macho kutoka kwenye sahani. "Baba yenu atokee afanye nini? Asome barua?"

Walicheka. Naye alicheka, akajikaza kisabuni, akaomba aongezewe mchuzi. Baadaye, akiwa peke yake sebuleni, alifungua ule ukurasa kwa simu yake na kuanza kusoma maoni ya watu. *Bi Salamu tunakupenda. Bi Salamu njoo kijijini kwetu. Kumbe nchi yenu ina watu wazuri hivi.* Alishuka nayo mpaka kidole kikachoka, kama mtu anayebonyeza jino bovu kuona kama bado linauma.

Kitu kimoja tu kilimpa Naibu nguvu siku hizo, nacho ni madereva tisa.

Walikuwa madereva wa malori, watu wa kwao, waliokamatwa miezi saba nyuma kwenye mji wa mpakani. Barabara kuu ilikuwa imefungwa kwa matengenezo, wakafuata njia ya kando, wakajikuta ndani ya eneo la jeshi na malori tisa yamepangana kama gwaride. Hawakuwa na kosa jingine, ila wakati wenyewe ulikuwa mbaya: wabunge wa upinzani wa pale walikuwa wakiisema serikali kila siku kwamba inalegea kwa wageni, na hakuna waziri aliyetaka kuonekana anafungua mlango.

Naibu aliianza kazi ile pole pole. Alikwenda wizarani kwa Mkurugenzi, mwanamume mkavu mwenye miwani mikubwa, mara ishirini na tatu. Hawakuandikiana chochote. Walikunywa chai, wakaulizana habari za wajukuu wa Mkurugenzi, kisha wakasogeza jambo hatua moja. Na kila Jumatatu saa nne Naibu alipokea simu kutoka nchini kwao, ya bibi mmoja ambaye mwanawe alikuwa miongoni mwa wale tisa. Mwana huyo aliitwa Breki, kwa sababu wenzake walimtania kwamba anaendesha lori kama amebeba mayai. Mama yake alikuwa mgonjwa wa moyo. Alikuwa akianza hivi hivi kila wiki:

"Mwanangu Naibu, hujambo? Vidonge nimekunywa, kwa hiyo usinifiche kitu."

Asubuhi ile ya picha tatu, Mkurugenzi alimpa Naibu jibu. Bi Salamu alikuwa amekwenda chumba kingine, kushughulikia vibali vya maonyesho ya wanafunzi.

"Alhamisi ijayo," Mkurugenzi alisema. "Wote tisa. Ila nisikilize. Mpaka tairi la mwisho livuke mpaka, kusiwe na neno. Si kwetu, si kwenu. Likitoka kabla, waziri wangu atakana, na mimi nitakana zaidi yake."

"Una ahadi yangu," Naibu alisema.

Alirudi ubalozini kifua mbele. Alimweleza Balozi habari yote, na sharti lake, mlango umefungwa. Balozi alimshika mikono miwili akasema, "Alhamdulillahi." Kikao cha wafanyakazi kilikuwa baada ya nusu saa, na Naibu aliingia akijua kwamba leo, walau leo, zamu ni yake.

Balozi alifungua kikao kwa habari njema. "Ndugu zetu madereva wamekubaliwa kutoka Alhamisi ijayo," alisema. "Na nataka niseme jambo. Mwaka jana watu wa hapa walikuwa hawatujui. Leo nikipita sokoni wananiuliza habari za Bi Salamu. Mnadhani hilo halifiki kwa wakubwa wao? Linafika! Binti, umetulainishia njia."

Watu walipiga makofi. Msichana aliinamisha kichwa kwa haya. "Na makao makuu," Balozi aliendelea, "wameandika wanamtaka kwenye mkutano wa mabalozi wote, akafundishe kazi hii. Ni heshima yetu sote."

Mkutano wa mabalozi. Naibu alikuwa na miaka ishirini na minane kazini, na hajawahi kuitwa kwenye mkutano ule hata kubeba mafaili. Alipiga makofi na wenzake. Alipiga mpaka viganja vikawasha. Ndani alikuwa akihesabu: safari ishirini na tatu za wizarani, vikombe vya chai visivyo na hesabu, na sifa zote zimekwenda kwa msichana aliyemshonesha shangazi kama kiatu.

Sharti la kunyamaza Balozi hakulisema kikaoni. Labda alisahau kwa furaha, labda alidhani linajulikana. Naibu aliona kwamba halikusemwa, na naye hakulisema.

Utaratibu wa ubalozi ulikuwa kwamba hakuna kinachopostiwa kabla Naibu hajakisoma na kukiwekea tiki ya kijani kwenye kompyuta yake. Kesho yake, kabla ya chakula cha mchana, likaingia chapisho la Bi Salamu. Picha ya madereva tisa, ya zamani, wamesimama mbele ya malori yao. Chini yake maneno mazuri, mepesi, yenye makosa mawili ya lugha: *Tunaishukuru serikali na watu wa nchi hii kwa kukubali kuwaachia ndugu zetu. Alhamisi watakuwa na mama zao.* Na pembeni, ujumbe wa kwake yeye:

*Shikamoo mzee. Naomba uliangalie hili kwa makini, sina hakika kama wakati wake umefika. Ukiona bado, nitalifuta.*

Naibu alilisoma. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akalisoma tena. Alijua kila kitu. Alijua neno "kukubali" litakavyosomwa bungeni, na "Alhamisi" itakavyomchoma Mkurugenzi. Alihitaji kuandika maneno mawili tu, *bado, futa*, na msichana angefuta na kumshukuru.

Akalisoma mara ya tatu. Kijiba cha roho kilikuwa kimepanda mpaka kooni. Alimwona Bi Salamu amesimama mbele ya mabalozi wote, anachekesha. Akajiambia: litakaa saa moja, litalalamikiwa, litatolewa, atakaripiwa, atarudi chini kidogo, basi. Mtoto ajue kwamba kazi hii si mchezo. Madereva walimpitia akilini, tisa, wamepangana mbele ya malori yao, naye akawapisha wapite.

Akaweka tiki. Kisha akachukua koti lake akaenda kula, simu akaiacha mezani.

Aliporudi ilikuwa imeita mara kumi na nne.

Chapisho lilikuwa limeshaonwa na watu laki saba. Watu wa kawaida walishangilia. Waliandika *karibuni tena, endesheni pole pole*. Lakini mbunge mmoja wa upinzani alikuwa amelichukua na kuandika juu yake: *Kumbe siku hizi serikali yetu inatangaziwa maamuzi yake na ubalozi wa watu.* Saa nane waziri alisimama bungeni akasema hakuna aliyekubali lolote, na madereva wale watafikishwa mahakamani kama wavunjaji sheria wengine. Saa nane na nusu Mkurugenzi alipiga simu. Hakuuliza hali.

"Tulikubaliana nini?"

"Mkurugenzi, nisikilize..."

"Uliniambia nina ahadi yako."

Akakata.

Balozi aliitwa wizarani kabla jua halijashuka, akasimamishwa ukumbini dakika arobaini bila kuonyeshwa kiti. Aliporudi uso ulikuwa umemsawijika. Alimwita Bi Salamu, akamwita na Naibu.

"Nani alikupa ruhusa?"

Msichana macho yalikuwa mekundu. Alikuwa amelia kwenye chumba cha mashine ya fotokopi na kila mtu alimsikia. "Mama, kosa ni langu. Nilimtumia mzee. Mzee ana mambo mengi, naona aliweka tiki bila kusoma. Nilipaswa kumfuata kwa miguu yangu nimuulize."

Balozi akamgeukia Naibu. "Ni hivyo? Hukusoma?"

Naibu alikuwa mtu ambaye ubalozi mzima ulimtania kwamba hata orodha ya vifaa vya kufagilia huisoma mara mbili akitafuta mkato uliokosekana. Mlango wa kutorokea ulikuwa wazi mbele yake, na aliyemfungulia ni yule yule msichana.

"Nilikuwa na haraka," alisema.

Balozi alipumua. "Haraka yako itaandikwa. Lakini yeye lazima arudi nyumbani. Wizara inataka kuona tumemchukulia hatua. Kesho nitaandika barua."

Msichana akaitikia kwa kichwa. Akamwambia Naibu, "Samahani, mzee, nimekuponza." Naibu alitoka akafunga mlango taratibu. Alikwenda ofisini kwake akakaa. Alikuwa amekitamani kitu hiki miezi tisa, sasa amekipata, na hakikuwa na ladha yoyote. Tena, na hili ndilo lililomtisha, sehemu fulani ndani yake ilikuwa bado inahesabu: mkutano wa mabalozi sasa hatakwenda.

Siku iliyofuata haikuwa Jumatatu, lakini simu iliita saa nne kamili.

"Mwanangu Naibu, hujambo? Leo sijakunywa vidonge, na sivihitaji!" Nyuma yake kulikuwa na sauti za watu wengi na vyombo. "Mjukuu wangu amenionyesha kwenye simu. Mama wa wale wengine wako hapa kwangu, wote, mmoja ametoka mbali kwa basi. Tumefua mashuka. Sasa hapa wengine wanabishana: Alhamisi hii, au ile nyingine? Nikawaambia ngojeni, mimi nina mtu wangu wa kumuuliza."

Naibu aliihamishia simu sikio la pili.

"Upo?"

"Nipo, mama."

"Alhamisi ipi?"

"Mama, kumetokea tatizo. Si Alhamisi. Bado sijui ni lini."

Upande wa pili akasikia mkono ukifunika simu, na sauti ya bibi ikiwaambia wenzake kitu, na zile kelele za vyombo zikizimika moja moja. Kisha akarudi. "Tatizo la nani?" aliuliza, taratibu, kama anayetaka kuelewa tu. "Si waliandika wamekubali? Nani amekataa tena?"

"Nitakupigia mimi, mama. Kunywa vidonge vyako, tafadhali."

Aliweka simu chini, akatembea moja kwa moja mpaka kwa Balozi, hata mlango hakugonga. Barua ya kumrudisha msichana ilikuwa mezani, kalamu juu yake.

"Niliisoma," Naibu alisema.

"Nini?"

"Ile posti. Niliisoma mara tatu. Aliniuliza kwa maandishi kama wakati wake umefika. Nilijua haujafika. Nikaweka tiki."

Balozi aliisogeza kalamu pembeni, kama anayesubiri sentensi imalizike. "Kwa nini?"

Naibu alikuwa na maneno mengi ya kazi: mawasiliano, taratibu, majukumu. Hakuna lililofaa. "Wivu," alisema. "Nilimwonea wivu."

"Una miaka hamsini na minne!"

"Najua."

"Una mke, una watoto, una cheo!" Balozi alisimama, akakaa tena. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. "Watu tisa, Naibu. Umewaweka watu tisa kwenye mizani na mtoto mwenye simu." Aliikunja ile barua akaitia kwenye droo. "Nenda kwa Mkurugenzi. Sitaki kukuona mpaka umetoka kwake."

Getini askari walilipekua begi lake mpaka kifuko cha miwani. Mkurugenzi alimweka saa mbili kwenye benchi, kisha akamwingiza. Hakukuwa na chai. Naibu alimwambia alichomwambia Balozi, kwa lugha ya pale, bila kukosa herufi hata moja. Mkurugenzi alivua miwani yake mikubwa.

"Nilidhani mmetufanyia ujanja," alisema. "Kumbe ni upuuzi. Upuuzi ni rahisi kidogo." Akaivaa tena. "Waziri wangu amedharauliwa mbele ya watu. Siwezi kumpelekea barua ya siri. Nataka mtu wa kwenu mwenye cheo aseme kwa mdomo wake, kwenye ukurasa ule ule, kwamba ubalozi ulitangaza jambo ambalo si lake kutangaza, na kwamba uamuzi ni wa serikali hii peke yake. Na si yule binti. Watu watamhurumia, na sisi tutaonekana wabaya zaidi."

"Nitasema mimi."

"Hata hivyo tarehe sitakuahidi."

"Sikuombi tarehe," Naibu alisema.

Ilibidi amweleze Bi Salamu, kwa maana ndiye mwenye kuishika kamera. Alimkuta anapakia vitabu kwenye boksi. Habari kwamba hasafiri zilikuwa hazijamfikia. Naibu alisimama mlangoni akasema yote, akimtazama machoni kwa shida.

"Uliisoma?" msichana aliuliza.

"Niliisoma."

"Na ujumbe wangu?"

"Na ujumbe wako."

Aliweka kitabu alichoshika juu ya vingine, akakinyoosha kingo zilingane. "Mimi nilikuwa nawaambia wazazi wangu habari zako," alisema. "Nawaambia nina mzee kazini anaongea lugha ya huku kuliko wenyewe." Akatoka. Naibu alisubiri pale pale, karibu na boksi, robo saa. Msichana aliporudi alikuwa amenawa uso na ana kamera mkononi.

"Kaa pale penye mwanga," alisema. Hakusema mzee, hakusema tafadhali.

Walirekodi mara saba. Mara ya kwanza alisoma kwenye karatasi, akanyang'anywa karatasi. Mara ya tatu alikunja mikono kama anayeshtakiwa, akaambiwa aiachie. Mara ya saba aliyasema maneno yake kwa dakika moja na nusu: kwamba kosa ni lake yeye binafsi, kwamba alikuwa na kazi ya kulizuia tangazo na hakulizuia, kwamba maamuzi ya nchi ile ni ya nchi ile, na kwamba anawaomba radhi wananchi, serikali yao, na familia za madereva. Msichana aliiposti bila kuongeza neno.

Watu elfu arobaini waliiona. Wengi walimcheka: *huyu mzee anaongea kama gazeti la babu yangu.* Wengine waliandika *mrudisheni Bi Salamu.* Mwalimu mmoja mstaafu aliandika kwamba ni miaka mingi hajasikia mgeni akiitamka ile herufi hivyo. Naibu alilisoma lile la mwalimu mara nyingi kuliko alivyotaka kukiri. Alijua pia, bila kumuuliza mtu, kwamba salamu ya Bi Salamu ya siku iliyofuata ilionwa na watu milioni moja na ushee. Kile kijiba kilikuwa bado kipo mahali pake. Tofauti ni kwamba sasa alikijua kwa jina, na kikianza kupanda alikuwa akisimama, akitoka nje na kutembea mpaka mwisho wa barabara.

Mkurugenzi alikaa kimya wiki mbili. Naibu alirudi kwenye lile benchi kila baada ya siku mbili, na siku moja chai ikaletwa. Mama yake Breki naye alipiga Jumatatu ya kwanza, sauti imepungua. Naibu alimwambia ukweli, kwamba ni yeye aliyeharibu. Bibi akasema, "Basi litengeneze, mwanangu," akakata. Jumatatu ya pili saa nne simu iliita, na aliyesema ni mwanamke kijana.

"Mimi ni dada yake Breki. Mama alikuwa ameandika namba yako ukutani. Tumemzika jana."

Naibu aliuliza ilikuwaje, akajibiwa kwamba ni moyo, alilala mchana hakuamka. Hakuna aliyemlaumu. Dada alitaka tu kujua kama kaka yake ameshaambiwa, na kama hajaambiwa, nani atamwambia.

Madereva waliachiwa siku ya ishirini na tatu baada ya ile Alhamisi, asubuhi, bila tangazo la mtu yeyote. Naibu alikuwa ameshapewa barua yake ya kurudishwa makao makuu, idara ya kumbukumbu, lakini alimwomba Balozi kitu kimoja kabla hajaondoka, awapokee madereva yeye mwenyewe na kuwafikisha kwao, naye Balozi akamruhusu. Alikwenda na dereva wa ubalozi mpaka ule mji wa mpakani. Walitoka tisa, wamekonda, nguo zimewapwaya, kila mmoja na mfuko wa plastiki. Walimshika mkono mmoja mmoja, na yeye akawa anajibu "karibu, karibu", mpaka akafika wa saba, mwanamume wa makamo mwenye mvi za ghafla.

"Wewe ndiye Breki?"

"Ndiye mimi. Wewe ndiye Naibu wa mama?" Alitabasamu. "Barua zake zote ni wewe tu. Mama hajambo?"

Naibu alimvuta kando, penye ukuta wa ofisi ya forodha, akamwambia. Kwanza la mama. Alimwacha mtu yule achuchumae, ajishike kichwa, alie mpaka atulie, naye akachuchumaa karibu bila kumgusa. Kisha akamwambia na lile jingine, kwa sababu angekuja kulisikia kwingine: kwamba walikuwa watoke wiki tatu nyuma na siku mbili, kwamba mama alikuwa bado hai, kwamba aliyechelewesha si serikali wala mahakama, ni yeye, kwa kumwonea wivu binti mmoja wa pale kazini.

Breki alisikiliza akitazama chini.

"Huyo binti," aliuliza mwishoni, "alikukosea nini?"

"Hakunikosea kitu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Breki alijifuta uso kwa mkono wa shati, akainuka, akaokota mfuko wake wa plastiki. Basi dogo la ubalozi lilikuwa linangoja, wenzake wameshaingia wanamwita. Naibu alinyoosha mkono kumsaidia mzigo. Breki aliutazama ule mkono, akahamishia mfuko upande wa pili, akapanda. Alipita viti vya mbele vyote, akaenda kukaa nyuma kabisa dirishani.

Naibu alipanda wa mwisho, akakaa mbele kando ya dereva. Ilikuwa safari ya mwendo wa saa tisa mpaka kwao, naye aliisafiri yote, Breki nyuma yake.